Nani Aliyekata? Sarufi ya Kukatika kwa Umeme na Udhibiti wa Utegemevu wa Huduma ya Stima Nchini Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya lugha tunayoitumia kuelezea kukosekana kwa umeme na juhudi za kuzidhibiti kampuni zinazotuuzia huduma hiyo. Hoja yetu ya msingi ni kwamba usemi wa kila siku, hasa kauli ya kutendeka na kitenzi "kupotea", humwondoa mtenda katika sentensi, ilhali udhibiti ni kazi ya kumrejesha mtenda huyo: kumtaja, kumpima na kumtaka awajibike. Baada ya kuchanganua sentensi zinazosikika sana nchini Kenya, makala yanaeleza vipimo vitatu vinavyotumiwa kupima utegemevu wa umeme, upungufu wa vipimo hivyo, na nafasi ya mteja katika sheria. Mwishoni tunapendekeza istilahi chache ambazo zinaweza kumwezesha mtumiaji wa Kiswahili kudai haki yake kwa lugha yake.

1.0 Utangulizi

Mgeni anayefika Kenya akiwa na Kiswahili cha vitabuni huhitaji siku chache tu kabla ya kuisikia sentensi hii: "Stima zimepotea." Huisikia kwa kinyozi ambaye mashine yake imenyamaza mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Huisikia kwa fundi wa kulehemu, kwa mwenye duka la kuchapishia kazi za wanafunzi, na kwa mama anayeuza samaki aliowahifadhi kwenye friji. Baada ya muda, saa moja au siku mbili, watoto wa mtaa mzima hupaza sauti kwa pamoja: "Zimerudi!" Basi mambo huishia hapo. Kilichopotea kimerudi chenyewe, kama mbuzi aliyezoea njia ya nyumbani.

Wataalamu wa uhandisi na uchumi wameandika mengi kuhusu sababu za umeme kukatika. Wanafunzi wa Kiswahili hatujaandika mengi kuhusu jambo hili, huenda kwa kudhani kuwa si letu. Makala haya yanashikilia kuwa ni letu pia. Huduma ya umeme huendeshwa kwa mikataba, leseni, ilani, ripoti na malalamiko, na yote hayo ni matini. Isitoshe, Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, Sheria ya Nishati ya 2019, ambayo ndiyo msingi wa udhibiti tunaouzungumzia, imeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo mteja wa kawaida hulipa kwa lugha moja, hulalamika kwa lugha hiyo hiyo, lakini haki zake zimehifadhiwa katika lugha nyingine.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuyatazame majina yenyewe. Neno "stima" lilikopwa kutoka Kiingereza, na hapo awali lilirejelea meli au mtambo uendeshwao kwa nguvu za mvuke. Neno "umeme" nalo ni la asili, na maana yake ya kwanza ni ule mwanga wa ghafla uambatanao na radi. Neno moja limetoka kwenye mtambo wa mgeni, la pili limetoka mbinguni. Asili hizi mbili haziamui namna tunavyofikiri leo, lakini hakuna hata moja inayotukumbusha kuwa umeme wa nyumbani ni bidhaa inayouzwa, yenye muuzaji na mnunuzi.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Uchanganuzi huu unaongozwa na Uchanganuzi Hakiki wa Usemi, hususan kazi za Norman Fairclough kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mhimili mmoja wa nadharia hii ni kuwa uteuzi wa kisarufi si jambo lisilo na upande. Msemaji anapochagua kauli ya kutendwa badala ya kauli ya kutenda, au anapogeuza kitenzi kuwa nomino, anaweza kumficha mtenda na kulifanya tukio lionekane kuwa la kawaida, lisilo na wa kuulizwa. Si lazima msemaji awe amekusudia hivyo. Mara nyingi tunarithi miundo hii na kuitumia bila kuitafakari.

Fairclough alishughulikia zaidi Kiingereza, lugha ambayo mtenda hufichwa hasa kwa kauli ya kutendwa na kwa unominishaji. Kiswahili kina utajiri zaidi katika eneo hili kutokana na mnyambuliko wa vitenzi. Mzizi mmoja unaweza kutupatia daraja kadhaa za uwajibikaji, na ni daraja hizo tutakazozichunguza.

3.0 Mzizi Mmoja, Wajibu Tofauti

Tuzitazame sentensi tano zifuatazo, ambazo kila msomaji wa makala haya amewahi kuzisikia au kuzitamka:

(a) Stima zimepotea.
(b) Umeme umekatika.
(c) Umeme umekatwa.
(d) Umeme utakatizwa kesho kuanzia saa tatu asubuhi.
(e) Jirani yangu amekatiwa stima.

Katika sentensi (a), stima ndizo kiima. Zimepewa uwezo wa kiumbe, zimeondoka zenyewe, na hakuna nafasi ya kuuliza ni nani aliyezipoteza. Sentensi (b) imo katika kauli ya kutendeka. Kauli hii huonyesha hali ambayo kitu kimeifikia na haimkubali mtenda. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kusema "*umeme umekatika na kampuni". Atakubali "umekatika kwa sababu ya upepo" au "umekatika kutokana na mvua". Kauli hii humkubali msababishi wa kimaumbile, lakini humfungia mlango mwenye wajibu.

Sentensi (c) imo katika kauli ya kutendwa. Mtenda hajatajwa, lakini nafasi yake ipo na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Umekatwa na nani?" Sentensi (d) inatumia kitenzi "katiza" katika kauli ya kutendwa, kitenzi kinachobeba maana ya kukusudia kusimamisha jambo lililokuwa likiendelea. Ndicho kitenzi kinachofaa kwa ilani za kazi za ukarabati zilizopangwa mapema.

Sentensi (e) ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Hapa tuna kauli ya kutendewa iliyowekwa katika kutendwa: "katiwa". Aliyeathirika amepandishwa hadi nafasi ya kiima. Jirani ndiye anayezungumziwa, na stima zimeshushwa kuwa kitu alichoondolewa. Pia, kila asikiaye "amekatiwa" anaelewa kuwa yupo aliyefika na kukata.

Sasa tujiulize: ni wakati gani Wakenya husema "amekatiwa"? Aghalabu ni wakati mteja ameshindwa kulipa. Mteja akikosa kutimiza wajibu wake, sarufi humleta mkataji mlangoni. Muuzaji akishindwa kutimiza wake, sarufi hugeuka, na stima "zinapotea". Kosa la mteja lina mtenda na mtendewa. Kosa la mtoa huduma halina yeyote.

Hatudai kuwa Kiswahili kina dosari. Wasemaji wa Kiingereza nao husema kuwa umeme "umeenda". Tena kauli ya kutendeka ina manufaa yake: mtu aliye gizani hajui kilichotokea kwenye kituo kilicho kilomita mia mbili kutoka kwake, na ni uungwana kutomlaumu mtu kabla ya kujua. Tatizo huanza pale ambapo lugha ya asiyejua inachukuliwa na anayejua, ikawa lugha ya taarifa rasmi.

4.0 Mtenda Katika Taarifa za Umma

Matukio ya kitaifa ya miaka ya karibuni yanatupa mifano mizuri. Mnamo tarehe 7 Juni 2016, Kenya ilikosa umeme nchi nzima kwa saa kadhaa. Taarifa ya KenGen, kampuni inayozalisha sehemu kubwa ya umeme wetu, ilieleza kuwa tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, kilichoko kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma hiyo ilipozimika, mitambo mingine ililemewa na zaidi ya megawati 180 zikatoka. Tumbili alinusurika na kukabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Habari hiyo ilichekesha dunia, lakini kwa mwanaisimu ina uzito. Hatimaye sentensi ilikuwa imepata mtenda, naye ni mnyama. Swali la mdhibiti lilipaswa kuwa tofauti: ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuhakikisha kuwa mnyama hafiki kwenye transfoma, na kwa nini kuzimika kwa kifaa kimoja kuliweza kuiangusha gridi nzima? Tumbili ni chanzo cha tukio. Hawezi kuwa na leseni.

Mnamo tarehe 11 Januari 2022, nchi ilikosa umeme baada ya minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka. Awali minara "ilianguka". Baadaye maelezo ya serikali yalizungumzia uharibifu wa makusudi, yaani minara "iliangushwa". Mabadiliko ya viambishi yaliihamisha habari kutoka kwenye ukurasa wa ajali hadi kwenye ukurasa wa uhalifu.

Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda tena nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta ukaathirika. Kampuni ya Kenya Power ilieleza kuwa gridi iliyumba baada ya kupoteza umeme wa mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana. Wenye mtambo huo nao walieleza kuwa mtambo ulijizima kwa kujikinga, kwa kuwa volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Msomaji atagundua kuwa mzozo huu ni wa kisarufi kama ulivyo wa kihandisi: je, mtambo ulitoka na kuiyumbisha gridi, au gridi iliyumba na kuutoa mtambo? Kila upande uliiweka kampuni ya pili katika nafasi ya kiima. Kabla mwaka huo kwisha, nchi ilikuwa imekosa umeme mara mbili zaidi kwa kiwango cha kitaifa, tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba.

Mizozo ya aina hii haiwezi kuamuliwa na wanaohusika. Inahitaji mtu wa tatu mwenye mamlaka ya kuona kumbukumbu za mitambo yote. Huyo ndiye mdhibiti.

5.0 Udhibiti na Vipimo Vyake

5.1 Kwa nini kampuni ya umeme idhibitiwe?

Mteja asiyeridhishwa na mkate wa duka moja huenda duka la pili. Mteja wa umeme hana pa kwenda, kwa kuwa nguzo inayopita mlangoni pake ni moja. Hapo ndipo udhibiti unapoingia: pale ambapo soko haliwezi kumwadhibu muuzaji, sheria huchukua nafasi ya soko. Kenya ilianzisha bodi ya kudhibiti umeme kupitia sheria ya 1997. Sheria ya Nishati ya 2006 ikaleta tume iliyosimamia sekta nzima ya kawi, nayo Sheria ya 2019 ikaleta Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, inayojulikana kwa ufupisho wa EPRA. Mamlaka hii hutoa leseni, huidhinisha bei, huweka viwango vya huduma na husikiliza malalamiko. Asiyeridhishwa na uamuzi wake anaweza kukata rufaa mbele ya jopo maalumu la kawi na petroli.

Bei na utegemevu ni ndugu. Kampuni ikiruhusiwa kutoza bei iliyopangwa pasipo kupimwa ubora wa huduma, inaweza kuongeza faida kwa kupunguza mafundi, kuacha miti ikue hadi kwenye nyaya na kuchelewa kubadilisha transfoma zilizochakaa. Mteja atalipa bei ile ile kwa huduma iliyopungua. Kwa sababu hiyo, mdhibiti makini hapimi bei pekee, hupima pia giza.

5.2 Giza hupimwaje?

Wataalamu hutumia vipimo vitatu vikuu, ambavyo fasili zake zimewekwa katika kiwango cha kimataifa nambari 1366 cha taasisi ya wahandisi wa umeme ya IEEE. Vifupisho vyake ni SAIDI, SAIFI na CAIDI. Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani ni majina ya ndugu watatu wa pwani, lakini kila kimoja kina kazi yake. SAIDI ni wastani wa muda ambao kila mteja alikosa umeme katika kipindi fulani. SAIFI ni wastani wa mara ambazo kila mteja alikosa umeme. CAIDI ni wastani wa muda uliochukuliwa kumrejeshea umeme mteja aliyeukosa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Eneo lina wateja 1,000. Katika mwezi mmoja umeme unakatika mara mbili. Mara ya kwanza wateja 200 wanaukosa kwa saa 5. Mara ya pili wateja wote 1,000 wanaukosa kwa saa 1. Tukizidisha idadi ya wateja kwa saa, tukio la kwanza linatupa 1,000 na la pili 1,000, jumla 2,000. Tukigawanya kwa wateja 1,000 tunapata SAIDI ya saa 2. Walioathirika katika matukio yote ni 1,200, kwa hivyo SAIFI ni 1.2. Tukigawanya 2,000 kwa 1,200, tunapata CAIDI ya saa 1 na dakika 40.

Hesabu hii, ingawa ni fupi, imefanya jambo ambalo "stima zimepotea" haikuweza kulifanya. Imemweka mteja katika fomula. Kinachohesabiwa si saa ambazo laini ilikuwa imezimika, bali saa ambazo watu walikosa huduma. Kwa lugha ya sarufi, vipimo hivi huandika tukio katika kauli ya "katiwa". EPRA huchapisha vipimo hivi katika ripoti zake za takwimu za kawi, na yeyote anayetaka kulinganisha mwaka mmoja na mwingine anaweza kuvitafuta humo.

5.3 Kisichoonekana katika wastani

Hata hivyo, vipimo vina mapengo, na msomi hapaswi kuyanyamazia. Pengo la kwanza ni wastani wenyewe. Katika mfano wetu, SAIDI ilikuwa saa 2, lakini hakuna mteja hata mmoja aliyekosa umeme kwa saa 2. Wateja 200 waliukosa kwa saa 6, na 800 kwa saa 1. Iwapo hao 200 ni kijiji kilicho mwisho wa laini, mateso yao yamemezwa na utulivu wa mjini. Mdhibiti anayetaka haki hudai takwimu za kila kaunti na kila laini.

Pengo la pili ni kuwa kipimo kinaweza kupotosha. Tuseme kampuni imefanikiwa kuliondoa lile tukio la pili. SAIDI inashuka kutoka saa 2 hadi saa 1, na SAIFI kutoka 1.2 hadi 0.2. Huduma imeboreka. Lakini CAIDI inapanda kutoka saa 1 na dakika 40 hadi saa 5, kwa sababu limebaki tukio refu pekee. Anayekisoma kipimo kimoja bila vingine atakosea hukumu.

Pengo la tatu ni yale yasiyohesabiwa. Kiwango cha IEEE huchukulia kukatika kusikozidi dakika 5 kuwa kwa muda mfupi, na hakukuingizi katika vipimo hivi vitatu. Kinaruhusu pia siku za majanga makubwa zitengwe ili zisivuruge hesabu ya kawaida. Vilevile vipimo hivi havigusi umeme hafifu, ule unaofanya taa ziwake kama mshumaa na friji inguruume bila kugandisha chochote. Umeme huo haujakatika, kwa hivyo katika takwimu hakuna tatizo.

Pengo la nne linatuhusu sisi watu wa lugha moja kwa moja. Laini kubwa hufuatiliwa kwa mitambo, lakini transfoma ya mtaani inapoungua, mara nyingi kampuni hujua baada ya mteja kupiga simu. Saa ya kukosa umeme huanza kuhesabiwa tukio linapoandikwa. Lisiporipotiwa, halimo. Kwa maana hiyo, malalamiko ya mteja ni takwimu. Anayesema "stima zimepotea huku kwetu" ametoa habari, lakini anayesema "tumekosa umeme tangu saa kumi na mbili jioni, nyumba zote zinazotumia transfoma hii, na nambari ya mita yangu ni hii" ametoa ushahidi. Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni tofauti ya ujuzi wa lugha, na ujuzi huo unaweza kufundishwa.

5.4 Adhabu, tuzo na fidia

Kupima pekee hakutoshi. Kwa kulinganisha, nchini Uingereza, mdhibiti anayeitwa Ofgem amekuwa tangu 2002 akiyahusisha mapato ya kampuni za usambazaji na idadi ya wateja waliokatikiwa umeme na dakika walizoukosa. Kampuni inayofanya vyema hupata zaidi, inayozembea hupata pungufu. Aidha, mteja akikosa umeme kwa saa 12 katika hali ya hewa ya kawaida, anastahili kulipwa kiasi kilichopangwa. Hahitaji kuthibitisha kuwa nyama yake ilioza.

Nchini Kenya msingi wa fidia upo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora ufaao, haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na huduma hizo, na haki ya kufidiwa anapopata hasara au madhara kutokana na dosari. Kifungu hicho kinazihusu huduma za mashirika ya umma na za watu binafsi kwa pamoja. Sheria ya Nishati ya 2019 nayo inalizungumzia suala la fidia. Ugumu upo katika utekelezaji: mteja ndiye anayebeba mzigo wa kudai, wa kuthibitisha na wa kungoja. Kinyozi aliyepoteza wateja wanne hawezi kufunga kibanda siku tatu ili afuate fidia ya wateja hao.

Adhabu nazo zina utata wake. Serikali inamiliki zaidi ya nusu ya hisa za Kenya Power. Kampuni ikitozwa faini, twaweza kuuliza fedha hizo zinatoka mfukoni mwa nani iwapo si mwa mteja yule yule, au mwa mlipa kodi. Kwa maoni yetu, malipo ya moja kwa moja kwenye akaunti ya mteja aliyeathirika ni bora kuliko faini inayoingia hazina, kwa sababu yanamfikia aliyekosa huduma. Kwa wanaotumia mita za kulipia kabla, fidia ingeweza kuja kama tokeni.

Inafaa pia tuwe waadilifu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Mafundi hupanda nguzo usiku wa mvua, nyaya huibwa, transfoma hufunguliwa ili mafuta yake yauzwe, na baadhi ya wateja hujiunganishia umeme kwa njia haramu na kuilemea laini ya majirani. Udhibiti wa haki hutenganisha kosa la kampuni na kosa la wengine. Lakini hauwezi kuyatenganisha makosa hayo kama lugha yake inayaita yote "kupotea".

6.0 Mapendekezo ya Istilahi

Kiswahili tayari kina malighafi ya kutosha. Tanzania imetuonyesha njia: mita ya kulipia kabla huko hujulikana kama LUKU, kifupi cha "Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia", jina ambalo ni maelezo kamili ya mkataba. Tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe na wanachama.

Kwanza, dhana ya utegemevu. Neno "uaminifu" hubeba maana ya kimaadili na humfaa mtu kuliko nyaya. "Utegemezi" ni hali ya kumtegemea mwingine, yaani upande wa mteja. "Uthabiti" unafaa zaidi kwa volteji isiyoyumba. Tunapendekeza "utegemevu" kwa sifa ya huduma inayoweza kutegemewa.

Pili, tutenganishe aina za kukosa umeme kwa kutumia mnyambuliko wenyewe. "Ukatikaji" uwe wa dharura, usiotangazwa. "Ukatizaji" uwe ule uliopangwa na kutolewa ilani. "Ukatiaji" uwe wa mteja mmoja kwa sababu ya deni au kosa lake. "Mgawo", neno lililozoeleka Tanzania, libaki kwa hali ambapo umeme uliopo hautoshi na maeneo huzimwa kwa zamu, kama ilivyotokea Kenya wakati wa ukame wa 2000. Msomaji ataona kuwa kila istilahi inaelekeza kwenye wajibu tofauti: ukatizaji hudai ilani, ukatikaji hudai maelezo na urejeshaji wa haraka, ukatiaji hudai onyo na nafasi ya kujitetea, mgawo hudai ratiba ya haki.

Tatu, "upotevu wa umeme" uhifadhiwe kwa maana moja pekee: umeme unaozalishwa lakini usiofika kwenye mita, kwa kupungua njiani au kwa kuibwa. Upotevu huu nao hudhibitiwa, kwa kuwa mdhibiti huweka kikomo cha kiasi ambacho gharama yake inaweza kutwikwa mteja. Tukiendelea kutumia "kupotea" kwa dhana zote mbili, msomaji wa gazeti hatajua kama habari inazungumzia giza au wizi.

Nne, vipimo vitatu viitwe "wastani wa muda wa kukosa umeme", "wastani wa mara za kukosa umeme" na "wastani wa muda wa kurejeshewa umeme". Ni majina marefu, lakini mzee wa mtaa atayaelewa bila mkalimani, nayo yanamweka mteja ndani: anayekosa ni mtu, anayerejeshewa ni mtu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba utegemevu wa umeme hautegemei nyaya na transfoma pekee. Unategemea pia uwezo wa umma wa kuuliza swali sahihi. Tumeona kuwa mzizi "-kat-" una kauli inayomficha mtenda na kauli inayomwita, na kwamba mazoea yetu yameigawia kampuni kauli ya kwanza na mteja kauli ya pili. Tumeona pia kuwa kazi ya mdhibiti, kwa upande wa lugha, ni kulikataa jibu la "zimepotea" na kusisitiza: wapi, lini, kwa wateja wangapi, kwa muda gani, na kwa wajibu wa nani.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuchangia kwa njia tatu. Vinaweza kutafsiri kwa lugha nyepesi sehemu za Sheria ya Nishati zinazohusu haki za mteja, vikishirikiana na wenzetu wa vitivo vya sheria na uhandisi. Vinaweza kuandaa mfano wa barua ya malalamiko ambayo mwenye kibanda chochote anaweza kuinakili na kuijaza. Vinaweza pia kukusanya na kuchunguza ilani na taarifa za kampuni za huduma, za umeme na za maji, kama data halali ya utafiti wa shahada.

Msomaji hahitaji kusubiri yote hayo. Taa zitakapozimika tena, na zitazimika, atazame saa, aandike wakati, aulize majirani wangapi wameathirika, kisha apige simu. Atakapoulizwa tatizo ni nini, asiseme stima zimepotea. Aseme, "Tumekatikiwa umeme, na tungependa kujua sababu."